Barua ya wazi kwa vijana wa vifaa tiba Kanda ya Ziwa: anzieni ukutani

Mwanza

Kwenu wanangu mlioajiriwa karibuni, na ninyi mnaojitolea mkisubiri ajira,

Mwangaluka. Wengine mmetoka Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), wengine Chuo cha Ufundi Arusha, wengine Muhimbili, na sasa mmepangiwa Magu, Misungwi, Ngudu, Sengerema au Nansio. Sakiti mnaijua na mchoro mnausoma. Ninalotaka kuwaambia ni hili: mashine nyingi mtakazoitiwa zikiwa "zimekufa" bado ni nzima. Kilichoharibika ni umeme, maji, hewa, au kipande cha mpira cha bei ya soda. Fundi anayeanza na bisibisi huishia kuiua mashine iliyokuwa hai. Kwa hiyo anzieni ukutani, kisha mje taratibu mpaka kwenye boksi la mashine.

Wiki ya kwanza msitengeneze kitu kama hamjalazimika. Chukueni multimita, kile kipimo cha umeme, mpite wodi zote mkipima kila soketi, tena mara tatu: asubuhi, mchana, na saa 2 usiku mji mzima unapowasha taa na majiko. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Soketi inayosoma kati ya 207 na 253 inavumilika. Inayoshuka hadi 180 usiku ndiyo inayounguza kompresa za friji, halafu asubuhi lawama zinakwenda kwa friji. Pimeni pia kati ya nyutro (waya wa kurudisha umeme) na ethi (waya wa usalama unaoingia ardhini). Panatakiwa pawe karibu na sifuri. Mkikuta volti kadhaa, mwiteni fundi umeme wa hospitali kabla ya mambo mengine. Ethi ikikatika mashine haitalalamika, itaendelea kufanya kazi vizuri tu mpaka siku itakapompiga mtu. Mashine yenye plagi ya pini tatu, ukipima kutoka pini ya ethi hadi kwenye bodi ya chuma, usomaji usizidi oomu 0.3 pamoja na waya wake.

Jenereta nalo lina adabu yake. Umeme ukikatika, zimeni mashine kwanza, jenereta liwake na litulie, ndipo muwashe moja moja. Kompresa ikizimwa na kuwashwa papo hapo hukuta presha ya zamani bado imejaa kichwani, inashindwa kuzunguka, inavuta umeme mwingi na kuungua. Ndiyo sababu stabilaiza (kifaa cha kutuliza umeme) nzuri ya friji au ya konsentreta (mashine inayotenga oksijeni kutoka hewani) huchelewesha dakika 3 hadi 5 kabla ya kuruhusu umeme. Msiiondoe eti "inachelewesha kazi". Fyuzi ikikatika, rudisheni ya namna ile ile. Iliyoandikwa T, kama T2A ya ampea 2, huvumilia mshtuko mfupi wa kuwasha, iliyoandikwa F haivumilii. Anayefunga waya wa shaba mahali pa fyuzi hafai kuitwa fundi.

Sasa twendeni chumba cha kujifungulia. Sista anasema mashine ya kufyonza haivuti. Msalimie, muulize ilianza lini na nani aliiosha mara ya mwisho, kisha vaa glavu. Iwashe usikilize. Kama mota inanguruma sawasawa na geji imelala kwenye sifuri, mota iache kwanza. Chomoa mpira kwenye mdomo wa pampu, uzibe mdomo ule kwa kidole gumba. Geji ikipanda, pampu ni nzima na tatizo liko kwenye chupa. Rudisha filta, ziba tena. Rudisha chupa, ziba ncha ya mwisho. Pale geji inapokataa kupanda ndipo ugonjwa ulipo. Mara nyingi utakuta kifuniko kimekaa upande, au mpira wake umebaki kwenye sinki la kuoshea. Lakini geji ikipanda hata ncha ikiwa wazi, njia imeziba: pengine boya la kuzuia kujaa limeganda juu kwa damu iliyokauka. Na wakati mwingine filta ya bakteria imelowa. Filta ile imetengenezwa izibe ikilowa, ili majimaji yasifike kwenye pampu. Atatokea mtu aitoe "ili mashine ivute", na kweli itavuta. Baada ya siku chache pampu itakuwa imejaa damu, na mtafungua kila kitu. Wekeni filta za akiba kwenye kabati la wodi yenyewe, si karakana, kwa sababu mama anayetokwa damu usiku hatasubiri ufunguo wa karakana.

Hapo hapo kuna jambo linalowapoteza wengi. Mwanza iko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa hukandamiza kwa milimita za zebaki kama 663, wakati pwani ni 760. Pampu ambayo kijitabu chake kinasema inafika 680 haitafika hapa hata ikiwa imetoka kiwandani jana. Ikifika karibu 600 ni nzima. Msiifungue.

Mwinuko huo huo una madhara makubwa zaidi kwenye otoklevu, mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke, na hapa naomba msome polepole. Kinachoua vijidudu ni mvuke ulioshiba wa nyuzi 121. Mvuke wa nyuzi 121 una presha ya kilopaskali kama 205 ukihesabu kutoka kwenye utupu kabisa. Geji haihesabu kutoka kwenye utupu, inahesabu kutoka kwenye hewa iliyotuzunguka. Pwani hewa ni kilopaskali 101, kwa hiyo geji itasoma 104, ambayo ndiyo ile psi 15 ya vitabuni. Hapa kwetu hewa ni kilopaskali 88 tu. Ili tufike nyuzi 121, geji isome kama 117, yaani psi 17. Otoklevu inayoongozwa na presha na ikakatia psi 15 kando ya Ziwa Victoria inaishia nyuzi 119. Sindano ya geji itakuwa pale pale ilipochorwa mstari wa kijani, na hakuna atakayeshtuka.

Mfanye nini? Anzeni na kipimajoto cha kushika kiwango cha juu, mkiweke katikati ya mzigo, muone ukweli. Mkikuta upungufu, someni kibao cha mashine: presha ya juu inayoruhusiwa ni ngapi, na valvu ya usalama inafunguka kwenye ngapi. Kama kuna nafasi ya kutosha, ongezeni kwa skrubu ya swichi ya presha kidogo kidogo huku mkipima. Valvu ya usalama msiiguse, msiikaze, msiizibe. Kama hakuna nafasi, ongezeni muda. Kushuka nyuzi 2 kunadai muda wa mara moja na nusu na zaidi kidogo, kwa hiyo dakika 30 za vifaa vilivyofungwa kwenye kitambaa zinakuwa kama 48. Kisha thibitisheni kwa vichupo vya spora, vijidudu sugu vya majaribio vinavyotakiwa vife, kabla ya kumwambia mtu yeyote kwamba ni salama. Ile tepu inayobadilika mistari inaonyesha tu kwamba pakiti imepita kwenye joto.

Tena, hewa ikibaki ndani ya otoklevu, geji itapanda bila joto kupanda. Mvuke utoke kwa nguvu na mfululizo kwenye tundu la kutolea hewa kabla ya kulifunga. Na maji ya bomba ni ya kunywa, hita inataka maji yaliyochujwa kwa mvuke. Chokaa ikijijenga kwenye hita, joto linashindwa kutoka, hita inajichoma yenyewe. Hita iliyopasuka yenye koti jeupe haikuharibiwa na umeme, hata kama kila mtu atawaambia ni TANESCO.

Konsentreta ya oksijeni inauawa na unyevu na vumbi. Wale wadudu wadogo wanaotoka ziwani kama moshi hujaa kwenye filta ya sponji mpaka mashine inakosa pumzi. Ioshwe kila wiki kwa maji na sabuni, ikauke kabisa ndipo irudishwe. Kuweni na sponji mbili, moja ikiwa kwenye kamba nyingine iwe kazini. Mashine ikae sentimita 30 kutoka ukutani. Kupima oksijeni, iachieni ifanye kazi dakika 10 au zaidi kwanza, halafu mpime kwenye lita 5 kwa dakika, maana mashine iliyochoka husoma vizuri kabisa kwenye lita 1. Nzima inatoa kati ya asilimia 90 na 96. Chini ya 82 iondolewe kwa mgonjwa mara moja. Kabla ya kuhukumu zile chembe za zeolaiti ndani yake zinazonyonya naitrojeni ya hewa, pakeni povu la sabuni kwenye maungio, na mkaze kifuniko cha chupa ya maji. Kikilegea, kijipira cha kupimia mtiririko kitaelea vizuri huku mtoto hapati kitu. Tumbukizeni ncha za mpira wa puani kwenye kikombe cha maji muone kama mapovu yanatoka. Na konsentreta ya akiba isikae stoo miezi sita bila kuwashwa, zeolaiti yake itanyonya unyevu wa ziwa polepole. Kwenye mitungi ya oksijeni neno ni moja: mafuta au grisi yasikaribie nati wala regyuleta. Oksijeni yenye presha na mafuta huwaka bila kiberiti.

Vifaa vya msaada vina mtego wake. Kikija kutoka Marekani, kibao kitaandika volti 115, hezi 60. Transfoma ya kushusha umeme itawapa hizo volti, lakini hezi itaziacha 50 kama zilivyo. Sentrifyuji (mashine ya maabara ya kuzungusha sampuli) yenye mota ya kawaida itazunguka kwa sehemu tano kati ya sita za mwendo wake, majibu ya maabara yataharibika, na transfoma ya ndani itapata joto mpaka itoe harufu ya kuungua. Kibao kikisema 50/60, pokeeni. Kikisema 60 peke yake, semeni mapema kwa mganga mfawidhi, kwa maandishi, kabla ya picha za makabidhiano. Mtaonekana wakorofi siku ile.

Eksirei na mashine ya kushtua moyo msizifungue mkiwa wapya. Kapasita zake, vipande vinavyohifadhi umeme, hubaki na umeme wa kuua hata plagi ikiwa imechomolewa. Kwenye eksirei vaeni kibeji cha kupimia mionzi, na leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki iwe hai.

Kuhusu karatasi nitasema kidogo. Wenye shahada, jisajilini Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama wahandisi wahitimu sasa hivi. Mafunzo ya SEAP, yaani ya vitendo kwa wahandisi wahitimu, ni miaka 3, na kila mwezi mnaochelewa mnajichelewesha wenyewe. Kwenye kadi ya mashine msiandike "imetengenezwa". Andikeni: "Soketi volti 228. Mpira wa kifuniko umebadilishwa. Geji kabla 0, baada 590." Atakayekuja baada yenu ataanzia hapo. Na mashine mbovu za stoo msizinyofoe vipuri kabla ya kibali cha kuzifuta kutoka, ni mali ya serikali hata zikiwa na kutu.

Sengerema imekuwa jirani tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025. Ukerewe bado ni maji, iwe kwa meli ya Nansio au kwa kivuko cha Kisorya–Rugezi, na Ukara ni kivuko kingine tena. Kwa hiyo kabla ya kuondoka pigeni simu wodini. Ombeni picha ya kibao, ya plagi, na ya taa inayowaka. Ulizeni kama umeme ulikatika siku ile, kama mashine ilihamishwa, kama ilioshwa. Bebeni fyuzi za aina tatu nne, mipira ya vifuniko, filta, sponji, spiriti, kipimajoto na multimita yenye betri mpya. Mkifika, msiishie kwenye mashine mliyoitiwa, piteni zote, kwa sababu nauli imeshalipwa. Kabla ya kurudi kivukoni, mpeni sista mashine aiwashe na aitumie yeye mwenyewe mkiwa mmesimama pembeni mikono nyuma. Akisita mahali, muulizeni hapo hapo kinachomsumbua ni nini.

Ni mimi, mzee wenu wa karakana.