Utafiti wa uhalisia pepe unaanzia kwenye bawaba ya mlango

Mhariri,

Magazeti yetu yakiandika kuhusu uhalisia pepe, picha huwa ileile: kijana kavaa miwani mikubwa, mikono hewani, mdomo wazi. Msomaji anaondoka akiamini kwamba mtafiti wa fani hii ni mtu aliyebahatika kupata miwani ya bei ghali. Ndiyo maana wanafunzi wa kompyuta wa Arusha na Moshi huuliza kwanza miwani itapatikana wapi, na ikikosekana wanahamia fani nyingine. Tunaomba nafasi tueleze kazi yenyewe. Sehemu yake kubwa ni kupima, na vipimo vingi vinafanyika bila miwani.

Uhalisia pepe humfunika mtu macho na kumwingiza katika dunia iliyochorwa na kompyuta. Uhalisia ulioongezwa humwacha aione meza yake, kisha humchorea juu ya meza hiyo kitu ambacho hakipo. Ronald Azuma, katika makala yake ya mwaka 1997 ambayo wanafunzi wa fani hii huisoma hadi leo, aliuwekea huu wa pili masharti matatu: vya kweli na vya kompyuta vichanganyike, mfumo uitikie papo hapo, na kilichochorwa kikae mahali pake katika vipimo vitatu. Sharti la tatu ndilo linalokula miaka ya watu. Ivan Sutherland alionyesha kifaa cha kuvaa kichwani mwaka 1968, kikiwa kimeshikiliwa na mtambo uliofungwa darini. Robo karne baadaye, katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Azuma na Gary Bishop walikuwa bado wanahangaika na mistari ya kompyuta ikae sawasawa juu ya kasha la mbao. Adui yao alikuwa kuchelewa: kichwa kinageuka, kompyuta inapokea habari, inakokotoa, inachora, na picha ikifika jichoni kichwa kimeshaondoka pale. Walitumia vihisi vya mwendo kutabiri kichwa kitakuwa wapi, na mwaka 1994 wakaripoti kwamba utabiri huo ulikuwa sahihi mara 5 hadi 10 kuliko kutotabiri kabisa.

Kuchelewa huko kunapimika kwa mlango wa darasa. Bandika simu kwenye mlango kwa selotepu, karibu na ukingo ulio mbali na bawaba, ikiwa imefungua picha ya nyuzi 360 inayofuata mwendo wa simu. Simu ya pili, inayorekodi fremu 240 kwa sekunde, iwekwe juu ya kiti ili ione ukingo wa mlango na kioo cha simu ya kwanza kwa pamoja. Sukuma mlango ugote kwenye kanga iliyokunjwa. Ukigota ukutani utaruka na hutajua ulisimama katika fremu ipi. Kisha hesabu fremu tangu mlango usimame hadi picha itulie. Kila fremu ni milisekunde 4.17, kwa hiyo fremu 12 ni milisekunde 50. Kichwa kikigeuka nyuzi 50 kwa sekunde, picha itakuwa imekosea nyuzi 2.5, ambazo kwa kitu kilicho mita 2 mbele ni karibu sentimita 9. Picha ikipitiliza kidogo halafu ikarudi, programu inatabiri, na umeuona kwa macho yako utabiri wa Azuma ukikosea pale mwendo unapokatika ghafla. Rudia mara 20. Kioo cha simu nyingi hubadilika kila milisekunde 16.7, hivyo kipimo kimoja pekee hakiaminiki. Andika wastani pamoja na mtawanyiko, usichague namba iliyokupendeza.

Kosa jingine liko kwenye printa. Ubao wa miraba wa kusahihishia kamera, ambao kompyuta huutumia kujua kamera inavyoona umbali, ukichapishwa kwa mpangilio wa kujaza ukurasa, mraba wa milimita 25 huweza kutoka na 24, na tangu hapo kila umbali una kosa la asilimia 4. Pima kwa rula baada ya kuchapa. Karatasi igandishwe juu ya plaiwudi, kwa sababu karatasi iliyojikunja huharibu hesabu yote.

Lakini eneo ambalo mtafiti wa hapa angeweza kuipa dunia kitu kipya ni lugha. Kichefuchefu cha uhalisia pepe hupimwa zaidi kwa dodoso la Robert Kennedy na wenzake la mwaka 1993, lenye dalili 16, kila moja ikipewa alama kuanzia 0 hadi 3. Ndani yake mna dalili tatu tofauti: kizunguzungu macho yakiwa wazi, kizunguzungu macho yakiwa yamefumbwa, na ile iitwayo kwa Kiingereza "vertigo", yaani kupoteza hisia ya kipi kiko wima. Mtafsiri mwenye haraka huandika "kizunguzungu" mara tatu. Mshiriki mwenye tatizo moja anatia alama mara tatu, na zote zinaingia kundi la kupoteza mwelekeo. Dalili hupangwa katika makundi matatu, na jumla ya kila kundi huzidishwa kwa namba yake; kizidishio cha kundi hili, 13.92, ni kikubwa kuliko vya makundi mengine. Kuna pia dalili ya "kulihisi tumbo", yaani usumbufu wa tumbo unaokaribia kichefuchefu, ambayo kwa Kiswahili cha mtaani mtu ataielewa kuwa njaa. Watafsiri wawili wafanye kazi kila mmoja peke yake, wa tatu airudishe katika Kiingereza bila kuiona asili, kisha watu kadhaa waulizwe wameelewa nini. Hiyo ni mada kamili ya shahada ya uzamili, na gharama yake ni karatasi na muda.

Dodoso lijazwe kabla na baada ya jaribio. Aliyeshuka sasa hivi kutoka kwenye daladala ya Marangu bila kula huenda amekuja na kizunguzungu chake. Ikiwa mifumo miwili inalinganishwa, nusu ya washiriki waanze na wa kwanza, nusu na wa pili. Kibali cha kamati ya maadili kitangulie. Umeme ukikatika katikati, mtafiti aandike saa, maana kompyuta pakato nyingi zikihamia betri hupunguza kasi, picha inaanza kukwama, na mshiriki anayefuata atajisikia vibaya kwa sababu isiyohusiana na swali la utafiti. Data hizo zitengwe.

Mada za nyumbani hazikosekani. Nyayo za Laetoli, zile za mababu wa kale wa binadamu huko Ngorongoro, zilizogunduliwa na timu ya Mary Leakey katika miaka ya 1970, zilifukiwa tena ili zisiharibike. Kumchorea mgeni nyayo hizo mahali zilipo, juu ya udongo uliozifunika, ni tatizo gumu na zuri: GPS ya simu hukosea kwa mita kadhaa, ilhali unyayo haufiki hata sentimita 30. Lazima pawe na alama za kudumu zilizopimwa ardhini, na lazima mfumo uhimili jua la mchana, ambalo hufifisha picha kwenye kioo.

Tunaviomba vyuo vya Arusha na Moshi vifundishe matriksi, takwimu na mbinu za majaribio ya watu kabla ya kuandika bajeti ya miwani. Nawe Mhariri, unapochapa picha ya kijana mwenye miwani, tuambie pia amepima nini.

Na walio na miwani tayari, wasiiache dirishani. Lenzi zake hukusanya jua kama kioo cha kukuzia, na dakika chache zinatosha kuchoma kioo cha ndani.

Walimu wawili wa sayansi ya kompyuta,
Arusha