Rehema, Uliniuliza Raha Hii Naipatia Wapi

Rehema shoga yangu,

Salamu nyingi sana. Mimi mzima, natumaini nawe na mwanao Idi hamjambo.

Tangu ulipoondoka kwangu nina deni lako. Uliingia sebuleni bila mimi kukusikia, kwa sababu nilikuwa nimevaa hedifoni, ukanikuta nimeinamia kioo cha gemu, na padi ya kuchezea mikononi. Ukasimama nyuma yangu mpaka nilipompiga mtu risasi na kupaza sauti, "Haya!" Nilipogeuka, uso wako ulikuwa umebadilika. "Salma," ulisema, "si wewe uliyelia siku mbili paka wa jirani alipogongwa na gari? Hii raha unaipatia wapi?" Nikacheka, nikazima, tukaingia kwenye mazungumzo mengine. Sikutakiwa kucheka. Uliuliza kwa moyo mweupe, na nilijua nyuma ya swali lako yupo Idi, ambaye kwa miaka 14 aliyonayo anaijua gemu ile kuliko mimi.

Nianze na dakika ileile uliyonikuta. Gemu za namna ile, kama PUBG iliyotoka mwaka 2017, huwashusha watu 100 kwenye eneo moja, na mshindi ni anayebaki mwisho. Ulipoingia tulikuwa tumebaki sita. Nilikuwa nimejibanza ghorofani, chumba cha pembeni, kwa muda ambao kwangu ulikuwa kama saa nzima ingawa haukuzidi dakika tatu. Kwenye sikio la kushoto nikasikia hatua. Kwanza zilikanyaga majani, mchakacho mwepesi. Kisha sauti ikageuka: mbao. Mbao maana yake ameshaingia ndani. Akatulia. Nami nikatulia, kidole gumba kimeloa jasho, najiuliza: amenisikia, au anajaza risasi? Ngazi ya kwanza. Ya pili. Nikaelekeza mtutu mahali ambapo kichwa chake kingetokea, ingawa bado hapakuwa na kitu pale. Kikatokea.

Ile "Haya!" uliyoisikia ilikuwa ya hapo. Nilikuwa nimemsoma mtu nisiyemjua, kwa masikio tu, na nimemsoma sawasawa. Yeye naye, popote alipo, nadhani aliguna, akaanza mchezo mwingine kabla hujamaliza swali lako.

Mkono unatenda na dunia inajibu palepale: hicho ndicho kinachonipendeza kuliko vyote. Kazini naandika ripoti mwezi huu, jibu linakuja mwaka unaofuata, au haliji. Nikikosea sijui nilikosea wapi; nikipatia, hakuna anayeniambia. Kwenye gemu nikikosea nakufa, na najua kwa nini nimekufa: nilikimbia uwandani, sikujaza risasi, nilimwacha mwenzangu peke yake. Narudi, najaribu tena. Jana sikuweza, leo naweza. Sisi watu wazima, Rehema, kitu hicho tunakipata kwa nadra sana.

Najua utaniuliza: basi kwa nini iwe bunduki? Kwa nini usipate raha hiyohiyo ukipanga matofali ya gemu ya Tetris? Hilo swali si lako peke yako. Watafiti wa saikolojia Andrew Przybylski, Richard Ryan na Scott Rigby walilifanyia majaribio na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Walichukua Half-Life 2, gemu ya risasi, wakaibadilisha ili kwenye toleo moja adui ukimpata afe kama kawaida, na kwenye toleo la pili asife kwa damu, bali ainuke taratibu hewani na kuyeyuka. Starehe ya waliocheza ile ya kuyeyuka haikuwa ndogo kuliko ya wenzao. Kilichoamua raha yao ni kama walijiona wanaweza, na kama walijiona huru kujiamulia. Na lililonishangaza zaidi ni hili: watu wenye tabia ya ukali walivutwa zaidi na gemu za damu, lakini damu yenyewe haikuonekana kuwaongezea starehe. Walidhani wanaijua raha yao ilipo, kumbe ilikuwa kwingine.

Nadhani bunduki imeshika nafasi ile kwa sababu mapambano hayahitaji maelezo. Mtu anakujia, usipofanya kitu umekwisha; hata asiyejua kusoma ameelewa. Sataranji, mchezo wa watu watulivu kabisa, nayo ni vita: kuna mfalme, kuna farasi, kuna askari wanaotolewa kafara ili wakubwa wapite, na hakuna anayewalilia. Mikono yetu imezoea vita ya kuigiza tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba sasa askari ana uso, na akianguka anapiga yowe.

Lakini sitakudanganya kwamba damu haina mvuto wake. Mwaka 1993, Mortal Kombat, gemu ya kupigana ngumi, ilipoingia kwenye mashine za nyumbani, kampuni ya mashine hizo ya Nintendo waliiondoa damu, wakaweka matone ya kijivu kama jasho. Kwenye toleo la washindani wao, Sega, damu ilikuwepo, ingawa ilibidi mchezaji abonyeze vitufe kwa mpangilio maalumu ndipo itokee. La Sega ndilo lililouzwa zaidi. Kelele zikawa nyingi, Baraza la Seneti la Marekani likafanya vikao Desemba mwaka huohuo, na mwaka 1994 ikaundwa bodi ya kupanga gemu kwa umri wa mchezaji, ESRB. Unadhani wale watoto walioikimbilia Sega walikuwa na kiu ya kuua? Mimi naona walikataa kufichwa. Ukimpiga mtu ngumi na jasho likamwagika kana kwamba amekimbia mbio, umenyimwa jibu. Damu inakuambia "umepata". Na tena ipo ile hamu ya kuikaribia hofu bila kuumia, ya mtoto anayeomba hadithi ya zimwi irudiwe, hasa palepale linapofungua mdomo. Hamu hiyo ninayo hadi leo, na sioni aibu kukuambia.

Juzi niliwatazama watoto wa mbwa wawili wakicheza, nikakukumbuka. Mmoja aliinamisha miguu ya mbele, kiuno juu, mkia unatikisika. Ndiyo ishara yao ya kumwambia mwenzake kwamba yanayofuata ni mchezo. Kisha akamrukia shingoni, mahali hasa ambapo angemng'ata kama wangekuwa wanapigana kweli, lakini meno hayakubana. Yule mkubwa akajilaza chali, akampa mdogo nafasi ya kumpanda tumboni. Baadaye mmoja alibana kidogo kupita kiasi. Mwenzake akalia mara moja, akaondoka, mchezo ukafa. Nilisimama pale muda mrefu. Yule mtu wa kwenye ngazi, Rehema, alikuwa ameinamisha miguu ya mbele. Alikuja mwenyewe, na bunduki yake, akitaka kunipata kabla sijampata. Tulikuwa wawili tuliokubaliana.

Nimelijua hili kwa uhakika kwa sababu ya sehemu moja iliyonishinda. Ipo kwenye Grand Theft Auto V, gemu ya mwaka 2013 iliyouzwa nakala zaidi ya milioni 200. Nilikuwa nimecheza saa nyingi, nimeiba magari, nimekimbizwa na polisi, nimefyatua risasi zisizo na idadi, na roho yangu shwari. Kisha nikafika mahali ambapo mtu amefungwa kwenye kiti. Pembeni kuna zana, nawe unatakiwa uchague ya kumtesea. Koleo la kung'olea jino lilikuwemo. Hawezi kukimbia. Hawezi kukupiga. Huwezi kushindwa, na kwa hiyo huwezi kushinda. Nilizungusha kidole kwenye padi mara moja, mtu akalia, nikaiweka padi mezani nikatoka nje kupunga hewa. Tumbo lilikuwa linanisokota.

Hebu pima mwenyewe. Kama raha yangu ingekuwa ni kuumiza, pale ndipo ingekuwa kileleni, kwa maana maumivu yalikuwepo tele na hakuna cha kunizuia. Ikawa ndipo ilipokauka kabisa. Walipomwondoa mpinzani na kuuacha ukatili peke yake, mimi sikuwa na cha kucheza. Wapo wanaosema waliotengeneza walitaka mchezaji asikie hivyohivyo. Inawezekana. Mimi sijairudia.

Sasa Idi. Umesikia mengi, na hata wataalamu wamevutana. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, mwaka 2020 kilisema upo uhusiano mdogo kati ya gemu hizi na ukali wa kawaida, kama kufoka na kusukumana, lakini hakuna ushahidi wa kutosha wa kuzifunga na ukatili mkubwa. Mwaka uliotangulia, Przybylski yuleyule na Netta Weinstein walichapisha utafiti wa vijana wa Uingereza zaidi ya 1,000, wa miaka 14 na 15, rika la Idi hasa. Hawakuishia kuwauliza vijana. Waliwauliza na wazazi wao kuhusu tabia zao. Hawakuona kwamba waliocheza zaidi gemu za ukatili ndio waliokuwa wakali zaidi. Mimi nauamini utafiti huo kwa sababu unafanana na ninachokiona, lakini wewe unaishi na mwanao, mimi siishi naye.

Ulisema anatupa padi na kubamiza mlango. Hapo nisikilize vizuri. Mwaka 2014 watafiti hao wa raha walijaribu jambo lingine: waliifanya Tetris iwe ngumu kuiendesha makusudi, vitufe visivyoshikika, na watu wakatoka na hasira. Tetris, Rehema! Matofali yanayoshuka. Kwenye Half-Life 2 nayo, waliotupwa ndani bila kufundishwa vitufe walitoka wakali kuliko waliofundishwa, iwe walicheza toleo la damu au la kuyeyuka. Kinachomchoma mtoto ni kujiona hawezi. Idi akibamiza mlango, kwanza chunguza kama amepangwa na watu waliomzidi mbali, au mtandao unakatika katikati ya pambano, au ni saa saba usiku na macho yamechoka. Hilo la mwisho lina dawa, na dawa unayo wewe: zima.

Ninachokiogopa zaidi kuliko risasi ni sauti zinazoingia kwenye hedifoni. Mimi nilipofungua kinywa mara ya kwanza nikicheza na nisiowajua, wakatambua ni mwanamke, nilitukanwa matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Hayo hayakuwa ya kuigiza. Aliyeyatoa ni mtu, na yalimfika mtu. Ukae naye Idi siku moja, umwombe avue hedifoni, sauti itoke kwenye spika, na usikilize anazungumza na nani. Na kwenye boksi la gemu mmeandikiwa umri. Ile ya mtu wa kwenye kiti imepewa 18 Ulaya na 17 Marekani, na kwa hiyo moja mimi nakubaliana nao. Ngoja akue.

Ukikaa naye, usianze na maswali. Tazama tu. Utamwona anamwita mwenzake, "Nyuma yako! Nyuma yako!", anarudi mbio kwenye moto kumwinua aliyeanguka, anampa risasi zake za mwisho. Utamwona anakufa na kucheka. Hapo kaa kwa amani. Lakini siku ukimkuta anamcheka mtu asiyeweza kujitetea, awe wa kwenye kioo au wa shuleni, nipigie simu, hata iwe usiku wa manane. Nitakuja, na tutazungumza naye sote wawili.

Nisalimie sana Idi, na umwambie bado namdai mchezo wa marudiano.

Ni mimi shoga yako,
Salma