Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, 2024: Mshubiri Gani Upandwe Wapi

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji ninawasilisha mbele yenu taarifa ya mwaka 2024. Mambo ya fedha yamo katika hesabu za mweka hazina ambazo mmekwisha kugawiwa, nami sitayarudia, isipokuwa kusema kwamba mauzo ya machipukizi ndiyo yaliyobeba gharama za kitalu. Nafasi iliyobaki nitaitumia kwa jambo ambalo kamati imelijadili kuliko mengine yote, yaani uchaguzi wa mishubiri ya kupandwa nje kwa kufuata hali ya hewa ya mahali mwanachama anapoishi. Nairobi haina hali ya hewa moja, na mwaka huu umetuthibitishia hilo kwa hasara.

Mvua za Machi hadi Mei, zilizoleta mafuriko mjini, zilikuwa nzito kupita kawaida. Kabla udongo haujapata nafasi ya kukauka, Juni ikaingia na mawingu yake. Wanachama wengi waliripoti mimea iliyokufa, na karibu wote walilaumu baridi. Kamati haikuridhika na maelezo hayo. Usiku wa Julai katika mji huu joto huwa kiasi cha nyuzi 11 au 12, na hata Aloe vera, ambayo asili yake ni Rasi ya Arabuni, huvumilia usiku wa baridi kuliko huo mradi mizizi yake iwe mikavu. Kinachoiua ni maji yanayotuama mizizini wakati mmea umepunguza kunywa. Mshubiri hufungua vitundu vya majani yake usiku na kuvifunga mchana ili usipoteze maji, kwa hiyo hata penye jua kali matumizi yake ni madogo, na katika wiki za mawingu huwa madogo zaidi. Maji yasiyonywewa huwanufaisha kuvu. Waliokagua mimea iliyokufa walikuta dalili zilezile kila mahali: majani ya chini yamelegea na kuwa kama ya kuchemshwa, shina limegeuka kahawia pale linapokutana na udongo, na ukishika kichwa cha mmea kinainuka chenyewe mkononi, mizizi ikibaki chini.

Mji wetu umeinama kutoka magharibi kwenda mashariki. Karen na Dagoretti ziko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Limuru hupita mita 2,200, ilhali ukishuka kupitia Embakasi hadi Athi River unafika karibu mita 1,500. Mvua hufuata mteremko huohuo: magharibi hukaribia milimita 1,000 kwa mwaka au kuzidi, na mashariki hupungua sana. Mtu angetarajia basi kwamba wenzetu wa Syokimau na Kitengela wangekuwa na mishubiri mizuri kuliko ya Karen. Haikuwa hivyo, na sababu ni udongo. Upande wenye mvua nyingi umejaliwa udongo mwekundu unaopitisha maji, na upande mkavu una udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba ukinywa maji na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Mvua kidogo juu ya udongo mweusi huloweka mizizi kwa muda mrefu kuliko mvua nyingi juu ya udongo mwekundu. Ushauri wa kamati kwa wanachama wa mashariki ni kutochimba shimo kabisa, kwa maana shimo katika udongo huo hugeuka kisima; wainue tuta juu ya ardhi kwa kokoto, mchanga mkavu wa mtoni na udongo mwekundu kidogo, kisha wapande juu yake.

Kuhusu aina zenyewe, kamati inapendekeza tuanze na zile ambazo kwao ni hapa. Aloe secundiflora, ambayo kila aliyesafiri kwenda Kajiado ameiona kwenye nyika kavu, inafaa Athi River, Kitengela na Syokimau. Aloe lateritia, yenye madoa meupe kwenye majani, hukua katika mbuga za nyanda za juu na haisumbuliwi na mvua za Karen. Kwa wanaotaka ua mrefu, Aloe kedongensis hufanya kichaka kizuri. Imezoea vichaka vya leleshwa vya Bonde la Ufa pande za Naivasha, palipo juu na penye usiku wa baridi. Aloe turkanensis, kwa upande mwingine, ni mmea wa joto la kaskazini, na aliyeipanda Kikuyu au Limuru bila paa aihesabu kama mmea wa msimu. Hali kadhalika Aloidendron dichotomum ya majangwa ya Namibia, ambayo wengi huitamani kwa sababu ya shina lake: huku magharibi ibaki kwenye chungu chini ya paa wakati wa mvua.

Aloe polyphylla, ile ya Lesotho yenye majani yaliyojipanga kwa mzunguko, inaulizwa katika kila mkutano. Ni mmea wa milima mirefu, hupenda ubaridi na maji yanayopita bila kusimama, na huchukia mizizi kupata joto. Limuru inaweza kumvumilia mgeni huyo. Binafsi sioni sababu ya mtu wa Kitengela kuhangaika naye.

Wanachama wa Limuru wana hofu yao ya pekee, nayo ni sakitu, yaani umande unaoganda usiku. Ifahamike kwamba sakitu mara nyingi huja Januari na Februari, katika usiku usio na wingu, wala si Julai, na kwamba hewa baridi huteremka na kutulia mabondeni. Mshubiri uliopandwa juu ya mteremko unaweza kupona pale ambapo wa bondeni, hatua chache tu chini yake, umeungua majani yote.

Ndani ya kiwanja kimoja pia kuna tofauti. Vitabu vingi tunavyosoma vimeandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, navyo huagiza ukuta unaoelekea kusini. Sisi tuko kiasi cha nyuzi moja tu kusini mwa ikweta, na katika miezi ya baridi jua la adhuhuri liko upande wetu wa kaskazini. Zaidi ya hayo, mawingu ya Julai mara nyingi hufunika asubuhi nzima na kufunguka alasiri. Hivyo pembe bora kwa mshubiri usiopenda unyevu ni ile ya kaskazini-magharibi ya nyumba, chini ya upenu unaozuia mvua, mahali ambapo ukuta uliopata jua la alasiri huendelea kutoa joto baada ya machweo. Tahadhari pekee ni kwamba mmea uliokulia kitaluni chini ya kivuli usihamishwe moja kwa moja kwenye jua la Februari, maana kwa urefu huu wa ardhi majani huungua na kuacha mabaka meupe yasiyopona. Uzoeshwe kidogo kidogo.

Nawakumbusha pia suala la sheria. Mishubiri yote isipokuwa Aloe vera imeorodheshwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na uvunaji wa mishubiri ya porini nchini Kenya ulipigwa marufuku kwa amri ya rais mwaka 1986. Chama hakitapokea mmea wowote uliong'olewa porini, hata ukiletwa kwa nia njema ya kuuokoa kando ya barabara inayojengwa, hadi mwenye nao awe na kibali.

Kutokana na hayo yote, kamati inaleta mbele ya mkutano huu mapendekezo mawili. La kwanza ni kwamba kila chungu kitakachouzwa na kitalu kiwe na kibandiko kinachoeleza asili ya mmea na upande wa mji unaoufaa. La pili ni kwamba wanachama walio na vipimamvua nyumbani waandike kiasi cha mvua kila asubuhi kuanzia Machi, pamoja na aina ya udongo walio nao, na kumkabidhi katibu daftari hizo mwishoni mwa Agosti, ili oda ya machipukizi ya mvua za vuli ipangwe kwa kila eneo. Vipimamvua vya ziada vipo kwa mtunza kitalu, na vitatolewa kwanza kwa wanachama wa Ruai, Utawala na Ongata Rongai, ambako hatuna kumbukumbu zozote.