Kambi za pwani: "mahali salama" ni wapi?

Ndugu Mhariri,

Mzazi anayempeleka mtoto kambi ya ufukweni huuliza chakula, malazi na ratiba ya michezo. Akikumbuka kuomba mpango wa dharura, aghalabu hupewa karatasi yenye sentensi hii: "Watoto watahamishiwa mahali salama." Sisi tunaofundisha uokoaji majini tunaiogopa sentensi hiyo kuliko wimbi. Mahali hapo ni wapi? Nani anatoa amri ya kuondoka, na asipokuwepo, nani anashika nafasi yake?

Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko lilipoipiga Japani saa 8:46 mchana, watoto wa shule ya msingi ya Okawa walitolewa madarasani na kukusanywa uwanjani. Nyuma ya shule palikuwa na kilima. Mwongozo wa shule uliwaelekeza kwenye uwanja wazi au bustani ya jirani bila kusema ipi, na watu wazima wakabaki wakijadiliana. Tsunami, yaani mawimbi makubwa yanayoletwa na tetemeko la chini ya bahari, ilifika baada ya dakika 50 hivi. Walikufa watoto 74 na watumishi 10. Muda walikuwa nao, na kilima walikuwa nacho. Kilichokosekana ni uamuzi uliokwisha kufanywa siku nyingi kabla.

Basi mpango wa kambi utaje kilima au jengo kwa jina, na njia ya kufika hapo ipimwe kwa miguu ya mtoto mdogo kuliko wote, usiku, akiwa amevaa ndala. Lengo la kawaida ni kufika mita 30 juu ya usawa wa bahari, au kilomita 3 kutoka ufukweni. Tetemeko kali, au linalochukua sekunde 20 na zaidi, au bahari ikikauka ghafla: hizo ndizo king'ora chenyewe. Mtikisiko ukikoma mnaondoka, kwa miguu, kwa sababu magari hubanana barabarani. Wala msishuke baada ya wimbi la kwanza, maana huenda la tatu likawa kubwa zaidi.

Hata hivyo tsunami ni adimu. Balaa la kila siku ni maji ya kina cha kiuno na mtoto ambaye hakuna aliyemwona akizama. Anayezama hapigi kelele. Mdomo unaibuka na kuzama, mikono inasukuma maji kwa pembeni badala ya kupunga, na ndani ya dakika moja anaweza kuwa ametoweka. Kwa hiyo mtazamaji wa maji asipewe kazi nyingine yoyote: simu asishike, mpira asirushe, na abadilishwe kila dakika 20 au 30 kwa sababu macho huchoka kabla mwenyewe hajajua. Mavazi ya kuogelea ya bluu na kijivu hupotea majini. Kofia za rangi ya machungwa huonekana. Ni jambo dogo, lakini hutaona kambi nyingi zikilifanya.

Kuhesabu vichwa ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Watoto hawatulii, wawili wamekwenda chooni, na msimamizi anayetarajia 24 ataipata 24 hata wakiwa 23. Ubao wa vibati hukata mzizi wa tatizo hilo: kila mtoto ana kibati chenye namba yake, anakigeuza upande mwekundu akiingia majini na upande mweupe akitoka, kwa mkono wake mwenyewe. Kumgeuzia mwenzake ni marufuku. Waogeleaji wafungwe wawili wawili. Filimbi ikilia kila baada ya dakika 10, kila mmoja amshike mwenzake mkono na jozi zihesabiwe. Kibati kikibaki chekundu baada ya wote kutoka, mtoto huyo anatafutwa majini kwanza, kabla hamjakimbilia mahemani. Mara nyingi atakutwa anakula. Si hoja: hilo limekuwa zoezi la bure.

Utafutaji wenyewe una mpangilio. Watu wazima wanaojua kuogelea washikane mikono na kutembea kwa mstari, kuanzia pale alipoonekana mara ya mwisho, wakipapasa chini kwa miguu, kina kisizidi kifua. Mmoja apige simu ya dharura wakati huohuo, asingoje matokeo. Mtoto akitolewa hapumui, msimkandamize tumbo wala kumning'iniza kichwa chini ili "amwage maji"; hizo ni sekunde zinazopotea na matapishi yanayoingia mapafuni. Anayezama amekosa hewa, hivyo anza na pumzi, 2 au 5 kulingana na mafunzo uliyopata, kisha minyo 30 ya kifua kwa pumzi 2, kwa kasi ya minyo 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kishuke theluthi ya kina chake. Hata akizinduka na kuomba juisi, apelekwe hospitali.

Mkondo unaorudi baharini huwadanganya hata watu wazima, kwa sababu pale unapopita mawimbi hayavunjiki na maji huonekana tulivu. Mtoto afundishwe siku ya kwanza: usishindane nao, elea, inua mkono, na ukiweza ogelea sambamba na ufuko mpaka uachiwe. Msimamizi asimfuate bila boya, la sivyo watakuwa wawili wa kuokolewa.

Upepo unaovuma kutoka bara nao una hila yake. Ufukweni bahari inakuwa shwari, kumbe kila kinachoelea kinasukumwa nje. Mwezi Machi 1993, katika Lyme Bay, Uingereza, wanafunzi wanane walitoka na mitumbwi midogo pamoja na mwalimu wao na wakufunzi wawili. Wanne walikufa, na taarifa ya hatari ilitolewa saa kadhaa baada ya muda waliotarajiwa kurudi. Sheria ya vituo vya michezo ya vijana ilipitishwa huko mwaka 1995. Kwa kambi yoyote, somo la kazi ni hili: chombo kikitoka, muda wa kurudi uandikwe ubaoni, na aliyebaki nchi kavu awe na ruhusa ya kupiga simu muda huo ukipita bila kuomba idhini ya mtu. Maboya ya kuelea yenye upepo ndani, yale ya bata na magodoro, yasishushwe kabisa siku kama hiyo.

Mazoezi ya kuhama yafanywe saa 24 za kwanza, si katikati ya wiki, na mkuu wa kambi ajifiche ili ionekane kama naibu wake anajua la kufanya. Mtoto mwenye kifafa awe na mtu wake majini, asiyemwangalia mwingine. Pampu za pumu na sindano za adrenalini (za mzio mkali) zibebwe na msimamizi wa kundi, zisifungiwe ofisini. Orodha ya majina, maradhi na simu za wazazi ichapwe kwenye karatasi na kutiwa mfuko usiopenya maji, nakala moja mgongoni mwa kiongozi na nyingine kule juu kilimani, kwa kuwa simu hulowa na mtandao huzidiwa wazazi wote wanapopiga kwa pamoja.

Wakufunzi wa uokoaji majini