Pima Kwanza Meza ya Mama

Jinja,
Jumapili jioni

Ndugu yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na wote wa nyumbani huko Arua. Sisi hatujambo, ila mvua imetufungia ndani tangu asubuhi, na kwa hiyo nimepata nafasi ya kuitazama filamu yako ya katuni mara sita bila haraka. Umeniuliza kwa nini kibanda cha mama muuza rolex, zile chapati zinazoviringishwa na mayai, kinaonekana kama kitu cha kuchezea watoto, ilhali umekijenga kwa wiki tatu, na iwapo ununue programu nyingine. Usinunue. Hiyo Blender unayoitumia kujengea katuni zako kwenye kompyuta ilikombolewa mwaka 2002, watu walipochanga euro 100,000 ili iwe huru kwa kila anayeitaka, na inaweza kufanya yote unayoyahitaji. Tatizo la kibanda chako ni vipimo.

Nimelifungua faili lako na kusoma urefu wa kila kitu. Meza ya mama ina kimo cha mita 1.3, naye mwenyewe ana mita 1.6, kwa hiyo anasukuma chapati viwiko vikiwa juu kama mtu anayeanika nguo. Jiko la makaa lina upana wa karibu mita moja. Nadhani najua lilikotoka: ule mchemraba unaoukuta programu inapofunguka una mita mbili kila upande, na anayeanza kuupunguza kwa kukadiria kwa macho, huku kamera ikiwa karibu, huona kila kitu kimekaa sawa. Halafu anakuja mhusika kusimama hapo, na ndipo uongo unapojitokeza. Mtazamaji wako wa Arua hataweza kukutajia sentimita zilizozidi, lakini amenunua rolex mezani kama hapo mara nyingi mno, na mwili wake unajua meza ile humfika wapi.

Ninakuomba basi ufanye jambo moja kabla ya kugusa kompyuta tena. Chukua futi ya fundi cherehani, nenda kwa mama wa barabarani saa ambazo hana wateja wengi, umwombe ruhusa kwa heshima, ununue rolex mbili, kisha upime: kimo cha meza, upana wa kikaango, kibao cha kusukumia, jiko, kopo la mafuta, trei ya mayai, na umbali kutoka moto hadi mahali anaposimama. Huo umbali wa mwisho usiusahau, kwa maana ndio utakaoamua kama mkono wa mhusika wako utafika kikaangoni bila kuvutwa kama mpira. Piga picha za mbele na za ubavuni ukiishika simu katika kimo cha meza yenyewe, ili mistari isilale upande.

Ukirudi nyumbani, usichonge yai hata moja. Weka masanduku matupu ya kijivu yenye vipimo ulivyoandika, umweke mama katikati yake, uweke kamera, na uitazame filamu nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho ikiwa hivyo hivyo ya masanduku. Kazi hii huchosha moyo kwa sababu haina uzuri wowote wa kuonyesha mtu, lakini ndiyo itakayokuambia kwamba upande wa nyuma wa kibanda hauonekani hata mara moja, na kwamba zile siku nne ulizotumia kuchonga misumari yake zimepotea. Mandhari ya filamu hujengwa mpaka pale jicho la kamera linapofika, pamoja na kile kinachoweza kutupa kivuli ndani ya picha.

Nakwambia haya kwa uchungu wa aliyekosea. Mwaka ule nilipojaribu kuijenga nyumba kuu ya makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, Kampala, ile iliyoungua Machi 2010, nilikuwa na vipimo viwili, kipenyo cha nje cha mita 31 na kimo cha ndani cha mita 7.5, nikadhani vinatosha. Kwa ndani paa lile la nyasi lina pete 52, moja kwa kila ukoo katika koo za Wabaganda. Programu hurudia kitu kwa kuandikiwa namba tu, nami niliandika 40, kwa sababu 40 zilipendeza katika picha na kompyuta haikuelemewa. Mzee mmoja wa Kiganda niliyemwonyesha alikaa kimya mbele ya kioo, akawa anahesabu kwa kidole, kisha akaniuliza kwa upole koo nyingine zimekwenda wapi. Sikuwa na jibu. Nilirudi nikaanza upya, na tangu siku hiyo siandiki namba yoyote ya kurudia kitu kabla sijamuuliza mtu anayekijua.

Sasa tuje kwenye vifaa vinavyoshikwa, kwa sababu hapo ndipo filamu yako inaponiumiza zaidi. Kila kitu ndani ya programu kina kitovu, yaani ile nukta ambayo kinazungukia na kuwekwa kwayo. Kitovu cha kikaango chako kiko katikati ya chuma, ndiyo maana mama anapokiinua kinajizungusha hewani na vidole vinapita ndani ya mpini. Kisogeze kitovu hadi pale kiganja kinaposhika, kisha ukifanye kikaango kiwe mtoto wa mkono, yaani kiufuate mkono kila uendako, kwa muda wote anaokishika, na ukiachilie kwenye fremu, yaani picha moja ya filamu, ile ile anayokitua. Jerikeni la lita 20 nalo kitovu chake kiwe chini, kwenye kitako, ili ukiliweka ardhini lisizame nusu. Vilevile, umeinyoosha meza yako bila kuithibitisha, kwa hiyo programu bado inakumbuka kwamba imevutwa upande mmoja, na kingo zake unapozilainisha zinatoka nene huku na nyembamba kule. Bonyeza Ctrl na A, uthibitishe skeli, yaani ule ukubwa uliouvuta, kabla ya kulainisha chochote.

Mabati usiyachonge mikunjo yote. Tumia bapa moja na picha ya mikunjo inayodanganya mwanga; lakini paa la mbele kabisa, ambalo ukingo wake unaonekana dhidi ya mbingu, lichonge kweli, maana ukingo ulionyooka kama rula humfichua mwongo mara moja. Mayai, viti vya plastiki na jerikeni, virudie kwa Alt na D ili nakala zote zitumie umbo moja, na kompyuta yako itaacha kukwama. Kisha zungusha kila nakala kidogo, kwa kuwa hakuna mama anayepanga jerikeni zake zikatazama upande mmoja kama askari.

Kuhusu rangi nina maoni makali, unisamehe. Kuta ulizozichukua kwenye maktaba za intaneti ni nzuri, lakini ni za mji mwingine. Kwetu mvua huurusha udongo mwekundu ukutani, na ukuta wowote wa kando ya barabara una wekundu huo kuanzia chini, ukififia kadiri unavyopanda. Paka huo kabla ya kitu kingine chochote. Jua lako pia limelala mno kwa onyesho unalosema ni la saa sita mchana. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, na saa hiyo kivuli cha mtu hukusanyika miguuni pake, na uso wa mama chini ya mwavuli huangazwa na mwanga unaorudishwa na vumbi la ardhini. Ukilisimamisha jua na kuipa ardhi wekundu wake, uso ule utapata joto ambalo umekuwa ukilitafuta kwa kuongeza taa.

Na unapotoa picha za mwisho, zitoe moja moja, usitoe video nzima kwa mkupuo. Onyesho la sekunde 10 ni picha 240 kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde. Kila moja ikichukua dakika mbili, hizo ni saa nane, na umeme unaweza kukatika saa ya saba. Ukiwa na picha moja moja, utaendelea pale ulipoishia.

Nitumie vipimo vya mezani kwa mama punde utakapovipata, hata vikiwa vimeandikwa nyuma ya karatasi ya chapati. Nitaijenga meza na jiko mwenyewe, nikurudishie pamoja na picha zake zote ndani ya faili moja, nawe ushughulike na mikono yake, kwa sababu hiyo unaiweza kunishinda. Mpe mama huyo salamu zangu, na umwambie kwamba filamu ikikamilika tutakuja kumwonyesha hapo hapo kibandani.

Wasalaam,
Ni mimi ndugu yako wa Jinja.