Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Wazee wetu, mama zetu, walimu na vijana,

Assalaam aleikum, na wengine wote hamjambo.

Naanza na bango. Lile lililotundikwa juu ya mlango wa ukumbi usiku ule tuliporudi kutoka China, lenye picha ya kijana wetu wa Kisauni na maneno "Bingwa wa Dunia". Waliolichapisha walifanya kwa mapenzi, na walitoa pesa zao wenyewe. Lakini mimi tangu siku ile naingia ukumbini kwa mlango wa nyuma, na leo nataka niwaambieni kwa nini.

Tulipeleka wachezaji wanne kwenye mashindano ya kimataifa ya wushu ya jadi, sanaa ya mapigano ya Kichina, katika mkoa wa Guangdong. Kijana huyu alishiriki mara mbili, ngumi ya kusini mtindo wa Hung Gar, yaani mienendo ya mikono mitupu anayoicheza mtu peke yake mbele ya majaji, na fimbo. Dada zetu wawili wakacheza ngumi tu. Mama yetu wa Mji wa Kale akacheza taijiquan, ile ya mienendo ya polepole. Sanda, yaani kupigana ana kwa ana, hatukuingia, maana vipimo vya moyo na ubongo wanavyotaka kwa wapiganaji vilishinda mfuko wetu.

Sasa, medali. Katika mashindano ya jadi ya namna hii, watu hugawanywa kwa umri, jinsia na mtindo, kisha kila kundi zawadi hutolewa kwa mafungu. Fungu la juu wote hupata zawadi ya kwanza, wanaofuata ya pili, waliobaki ya tatu. Kijana wetu kwenye ngumi alikuwa wa 5 kati ya 28. Aliingia fungu la kwanza, akavishwa medali ya rangi ya dhahabu, na wanne waliomtangulia walivishwa zilezile. Kuwa wa 5 kati ya 28, tena mbele ya watoto waliozaliwa kwenye mitaa yenye shule za ngumi kila kona, mimi kwangu ni jambo kubwa. Ila bingwa wa dunia si yeye. Na anajua, kwa sababu aliniomba mara mbili bango literemshwe, nami nikawa namwambia subiri.

Kwenye fimbo, zawadi yake ilikuwa ya tatu, na hapo kosa ni letu viongozi. Kanuni inasema fimbo isipungue kimo cha mchezaji. Yake ilikatwa kwa fundi Majengo mwaka juzi, wakati kichwa chake kikinifika mabegani. Mwaka huu ananitazama kwa juu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kumsimamisha kando ya fimbo yake. Asubuhi ya mashindano msimamizi wa vifaa akaisimamisha ubavuni mwake, akatikisa kichwa, akairudisha.

Kocha wa timu ya Malaysia akatuazima ya kwao. Wanaojua watanielewa. Sisi fimbo zetu ni pau za mkoko, nzito, hazipindi. Ukipiga sakafu mkono wote unasikia. Fimbo ya Kichina ni ya mti mweupe, nene chini na nyembamba kileleni, na ukiipiga inatetemeka kama mshipi wenye samaki. Kijana alipiga pigo la kwanza kwa nguvu alizozoea, fimbo ikarudi juu, ikamtoka. Kuangusha silaha ni kukatwa alama 0.3. Kwa watu wasiojua hesabu hizi, 0.3 ni kitu kidogo. Katika kundi lake tofauti ya mtu wa 3 na wa 10 haikufika hapo. Aliiokota, akamaliza. Babu yake alikuwa mchezaji wa kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo, kule Lamu, na nadhani damu hiyo ndiyo iliyomzuia asiondoke uwanjani.

Naomba nikae kidogo kwenye hesabu za majaji, maana ndipo mwaka wetu ulipo. Mchezo wa jadi usio na alama za ugumu huhesabiwa kwa 10. Kundi moja la majaji lina 5 za ubora wa mienendo, na kazi yao ni kukata tu: mguu umeyumba, 0.1, umegusa chini kwa mkono kujishikilia, 0.2, umeanguka, 0.3. Kundi la pili lina 5 za mchezo mzima, nguvu yake, mwendo wake, roho yake. Hakuna anayehesabu makofi. Sisi miaka yote tumejifunza kwa makofi. Sikukuu tukicheza Mama Ngina, anayepinduka hewani ndiye anayeshangiliwa, hata akitua kwa magoti. Hata uteuzi wa timu nilioufanya mimi na kamati ulitazama hilo. Mama yetu wa taijiquan tulimweka wa mwisho kwenye orodha, na mmoja wetu (sitamtaja, yuko mstari wa mbele) aliuliza kama nauli yake isingefaa zaidi kwa kijana.

Mama alipata zawadi ya pili. Alicheza fomu ya 24, mfululizo wa mienendo 24, ile iliyotungwa China mwaka 1956 ili watu wa kawaida waweze kujifunza. Alikatwa 0.1 mahali pamoja, pale jogoo anaposimama kwa mguu mmoja. Nilimuuliza jioni kulikoni, naye hapa kila alfajiri anasimama ufukweni bila kutikisika. Akanijibu, "Mwanangu, mchanga hushika mguu. Zulia halishiki." Basi hiyo ndiyo ripoti ya ufundi ya safari nzima. Zulia la mashindano ni mita 14 kwa 8. Ukumbi wetu, kutoka nguzo hadi nguzo, ni mita 11, na sakafu ni saruji. Dada zetu walicheza kona moja ya zulia tu kama waliofungwa kamba, kwa kuwa miguu yao imezoea kugeuka ikifika mita ya 11.

Siku ya mapumziko wenyeji walitupeleka Foshan, hekalu la Zumiao, palipo na jumba la kumbukumbu la Huang Feihong, ambaye wacheza Hung Gar wengi humhesabu miongoni mwa wazee wao. Kijana alipiga salamu pale, ngumi ya kulia ndani ya kiganja cha kushoto, akakaa hivyo muda mrefu. Usiku kwenye karamu mwenyeji mmoja akatuuliza habari za twiga wa Malindi aliyefikishwa kwa mfalme wa China mwaka 1415. Nilimwambia twiga sikumwona, ila vyombo vyao vya kaure vimo Fort Jesus hadi leo. Alicheka sana, akaniongezea bata.

Fedha nitapita haraka. Michango ya wanachama, harambee na mauzo ya fulana vilitosha nauli kupitia Addis Ababa, na deni limebaki dogo. Mweka hazina atagawa karatasi yake baada yangu. Maswali ya fedha muulizeni yeye, msimfuate kwenye foleni ya feri ya Likoni. Viza ilitupeleka Nairobi kwa treni mara mbili, kwa sababu picha za kwanza hazikuwa na kipimo cha milimita 33 kwa 48. Kosa la mtu wetu wa picha, ameshasamehewa.

Kamati inaomba mambo matatu, na la kwanza ndilo zito. Tununue mikeka ya mazoezi hata kama si zulia kamili, na tukodi ukumbi mrefu zaidi Jumamosi. Pili, walimu wawili wasomee kazi ya ujaji, tuwe na macho ya kukata 0.1 nyumbani kabla hatujakatwa ugenini. Tatu, kila Januari kila mchezaji apimwe kimo pamoja na fimbo yake.

Wameniuliza kuhusu Dakar 2026, Olimpiki ya vijana, mashindano ya kwanza ya Olimpiki kufanyika Afrika, na wushu imo. Kufika huko ni njia ya timu ya taifa, na wenye umri huo kwetu bado hawajafikia kiwango. Afadhali mlisikie kwangu kuliko kulisoma kwenye bango jingine.

Bango lenyewe naomba ruhusa yenu niliteremshe leo. Kijana ameshaandika la kuweka mahali pake kwa mkono wake: jina la ukumbi na saa za mazoezi, basi. Ngazi iko kwa mlinzi.