Malalamiko Kuhusu Springi Fupi Mlizonifungia

Kwa Meneja wa Huduma,

YAH: GARI LANGU KUHARIBIWA UENDESHAJI BAADA YA KAZI YENU

Miezi miwili iliyopita nililileta kwenu gari langu la spoti, dogo, la milango miwili, linalovuta kwa mbele. Nilimweleza mhudumu wenu jambo moja: lisilale sana kwenye kona, lakini lisiwe gumu barabarani. Aliyaandika maneno hayo kwenye karatasi ya kazi na nakala ninayo. Nililorudishiwa ni gari lililoshuka chini milimita 40, linalonipiga mgongo kwenye kila kiraka, na kwenye kona yenye mabonde halishiki barabara hata kwa kiwango lilichokuwa likishika kabla hamjaligusa.

Nilipopiga simu niliambiwa nizoee, kwa sababu gari la spoti lazima liwe gumu. Jibu hilo limeniumiza kuliko ugumu wenyewe, kwani mtu anayeuza springi anapaswa kujua kwamba si kweli. Tairi linashika pale linapoendelea kugusa barabara. Likirukaruka halishiki chochote. Lotus Elan, gari dogo la spoti la Uingereza la mwaka 1962, ilisifika kwa kukata kona ilhali springi zake zilikuwa laini. Magari ya rali yanayokimbia kwenye changarawe yana springi zenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, na hakuna anayesema hayajui kona.

Basi nikafungua mwenyewe nione. Mmeweka springi fupi na ngumu, lakini shokapu, zile zinazotuliza mdundo wa springi, ni zilezile za kiwandani. Nilifunga kijikamba chembamba cha plastiki kwenye fimbo ya shokapu ya mbele kulia, nikaendesha barabara ninayopita kila siku, nikarudi kutazama. Kijikamba kilikuwa kimesukumwa mpaka juu kabisa, kimebanwa kwenye ule mpira wa kuzuia shokapu isigonge mwisho. Gari likiwa limesimama, kati ya shokapu na mpira huo mlikuwa mmebakiza milimita 14 tu. Kwa hiyo kwenye tuta dogo springi haipati nafasi ya kufanya kazi. Gari linaangukia mpira. Kwenye kona ni hatari zaidi: upande wa nje unabonyea, unafika kwenye mpira, ghafla mbele panakuwa pagumu kama jiwe na pua inakimbilia nje ya kona. Lilinitokea mara mbili nikiwa kwenye mwendo wa kawaida kabisa. Halafu, likishavuka tuta, linadunda mara mbili tatu kabla ya kutulia, maana shokapu za kiwandani hazikutengenezwa kuzuia springi ngumu isirudi kwa nguvu.

Tena kuna suala la bushi, yaani mipira iliyo kwenye maungio ya mikono ya chuma inayoshika magurudumu. Bolti za mikono ya chini zilikazwa gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Nililegeza moja gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake: ilitoa mlio, mkono ukajizungusha wenyewe, na kona ile ya gari ikashuka milimita 6. Maana yake mpira wa bushi ulikuwa umesokotwa muda wote huu, ukiongeza ugumu usiokuwa na faida na kujichana polepole. Fundi mzoefu hawezi kusahau jambo hili.

Alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu, haikufanywa. Gari likishushwa kiasi hicho pembe za magurudumu hubadilika, na matairi yangu ya mbele yameliwa upande wa ndani mpaka kwenye alama za mwisho, ilhali upande wa nje bado una kashata nzima.

Ninachodai ni hiki. Ondoeni springi hizo na mnirudishie fedha zake, au mnifungie springi na shokapu zilizotengenezwa kwenda pamoja, zisizoshusha gari zaidi ya milimita 20. Gari kulala kwenye kona lipunguzwe kwa stabilaiza nene kidogo ya nyuma, ile fimbo ya chuma inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia: magurudumu mawili yakipanda tuta kwa pamoja stabilaiza haileti upinzani, inafanya kazi pale upande mmoja unapobonyea kuliko mwingine, na kwa gari linalovuta kwa mbele inasaidia pua ifuate usukani. Ningeshauriwa hivyo tangu siku ya kwanza, pengine nisingehitaji hata kubadilisha springi. Bushi zote zikazwe gari likiwa limekanyaga chini, alaimenti ifanywe na nipewe karatasi ya vipimo, na matairi mawili ya mbele mlipe ninyi.

Naambatisha nakala ya karatasi ya kazi, picha za kijikamba kwenye shokapu na picha za matairi. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14. Hadi hapo gari nimelipaki, kwa sababu siliamini kwenye kona.

Wenu,
Mteja